Ini la Kumpa Brightson

Mbezi Luis,
Jumamosi.

Dada Bupe,

Shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yake, ila barua hii isome peke yako kwanza. Habari za Tukuyu? Kifua cha mama kimepoa? Sie huku tupo, watoto wanasoma, mvua imekata njia ya kuja nyumbani lakini tunapita hivyohivyo. Najua utashangaa kuandikiwa wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu wiki hii, na kila ulipopokea nikaishia kuulizia bei ya viazi.

Mdogo wetu Brightson bado yuko hapa kwangu. Macho yamekuwa ya njano kama binzari, na tumbo limejaa maji tena. Pombe hajaigusa, huu mwezi wa tano. Kila Jumatano anajikongoja mpaka kwenye kikao cha walioacha, pale ukumbi wa kanisa. Daktari ametueleza kuwa ini lake limejaa makovu, dawa haziwezi kulirudisha. Kilichobaki ni kwenda India akapandikizwe kipande cha ini la ndugu yake. Huko wanataka mgonjwa atimize miezi sita bila pombe, na anayetoa awe mzima. Mwezi mmoja umebaki, nami sijui kama mwili wake utaungoja. Nikitoka kazini nasimama kwanza mlangoni nimsikie akikohoa, ndipo niingie.

Unakumbuka nilisema mbele yenu wote kuwa nitampa mie. Mwalimu, mzee wa kanisa, kaka ambaye Brightson aliambiwa siku zote amwige. Nikapimwa damu, nikaingizwa kwenye mashine. Majibu yalipotoka niliwapigia nikasema damu zetu hazikulingana, nanyi mkanipa pole.

Dada, nilidanganya. Damu zinalingana. Daktari aliniita peke yangu, akafunga mlango, akaniuliza nakunywa kiasi gani kwa siku. Nikajibu sinywi. Akanigeuzia kompyuta nikaliona ini langu: limejaa mafuta, na makovu yameanza. Akasema bila ukali, "Mwalimu, hili siwezi kulikata nikampa mgonjwa. Na ukiendelea, utakuja kulala kitanda alicholala mdogo wako."

Ni mwaka wa kumi na moja huu. Chupa inakaa kabatini shuleni, nyuma ya madaftari ya kidato cha pili, na ufunguo ninao mie tu. Hata zile siku nilizokuwa nikimwombea Brightson aache, nilikuwa nimeshakunywa. Hope, mke wangu, nilimwambia juzi. Ananiwekea chakula na kuondoka.

Brightson nilimwambia Jumanne. Nilingoja anitukane, maana ningestahili. Akaniuliza tu leo siku gani. Nikamjibu.

"Basi kesho twende wote," akasema. "Utanishika mkono kwenye ngazi."

Tulikwenda. Nilitaja jina langu mbele ya watu tisa, mmoja wao mzazi wa mwanafunzi wangu.

Sasa nakuomba uje upimwe, ingawa sina uso wa kuomba. Daktari anasema ini zima likimegwa hukua tena, lakini upasuaji una hatari hata kwa anayetoa, na unaweza kukataa mpaka siku yenyewe. Sikufichi tena kitu. Ukisema hapana, hakuna atakayekuuliza sababu. Brightson alinikataza kukuandikia, anasema una watoto wanne wanaokutegemea. Nimemkaidi kwa sababu naogopa, dada. Naogopa kumzika mdogo wangu, na naogopa likizo iishe, shule ifunguliwe Jumatatu na ile chupa imo kabatini.

Mama usimwambie habari zangu. Nitamwambia mwenyewe.

Shemeji na watoto wape salamu zetu. Brightson anakusalimu ingawa hajui naandika. Leo ametimiza siku mia moja hamsini na mbili bila pombe. Mie nina nne.

Mdogo wako,
Edgar