Baba Aliomba Picha ya Upendo

Jumapili

Baba amekula leo, kwa mara ya kwanza tangu tumzike mke wangu. Nilishaanza kuogopa kwamba nitampoteza na yeye.

Upendo, Mhehe wa Idodi, alicheka sana nilipomweleza kwamba kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani usoni. Lakini aliifuata desturi. Tangu baba ashindwe kutembea, alimhudumia akiwa nyuma ya pazia.

"Baba, uji huo. Ukiubakiza nakuimbia!"

Baba alikuwa anaumaliza haraka, maana kwa kuimba, Upendo hata kwaya ilimshindwa. Halafu asubuhi moja Upendo akaanguka jikoni, na jioni hatukuwa naye tena.

Leo nilipomwekea baba bakuli, alilisukuma.

"Una picha yake?"

"Baba, si mwiko?"

"Mwiko ulikuwa akiwa hai. Nionyeshe."

Nikampa simu. Upendo amembeba mwanetu Neema mgongoni, anacheka, kidevuni ana unga. Baba akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo.

"Kumbe alikuwa mtoto kabisa," akasema. "Alivyokuwa ananigombeza, nilijua ni mama mtu mzima."

Akalia. Sikuwahi kumwona analia, hata mama alipofariki. Nikamwomba ale, akala, machozi yakidondokea kwenye uji. Mimi nilisimama tu pale, sikujua mikono niiweke wapi.

Simu bado iko chumbani kwake. Nimepita mlangoni, nikasikia anazungumza na Upendo taratibu, anamwita "mwanangu". Sikuingia.