Njoki Amepata Kwao

Jumanne jioni, Naro Moru. Ukungu haujaondoka mjini tangu asubuhi. Nimevaa sweta mbili na bado natetemeka, na sijali kabisa.

Tumekubaliwa.

Nasema sisi kwa sababu tuko wawili, mimi na Njoki. Mimi nauza mbegu na dawa za mifugo dukani. Njoki ni mpagazi, anabeba mizigo ya watalii mlimani, ana mdomo mkali na magoti mabovu, na hayupo duniani. Nilimbuni mwenyewe. Kila Ijumaa natoa ukurasa mmoja wa katuni yake mtandaoni, na kuna watu, sijui wametoka wapi, wanaoamka Ijumaa wakimsubiri.

Shida ilianza pale tovuti ya bure niliyokuwa nikiitumia ilipotangaza kwamba itafungwa baada ya miezi michache. Katuni yangu ingebaki bila nyumba. Tumaini langu likawa kikundi kimoja cha wachoraji wa miji hii ya mlimani. Wana tovuti yao, wanaitunza pamoja, na anayekuja kusoma katuni ya mmoja huishia kusoma ya mwingine. Niliomba kuingia. Moyoni nikajiambia kwamba wakinikataa naacha kuchora, tableti ninayochorea nampa mtoto wa dada yangu achezee. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nimeamua.

Jinsi wanavyochagua ndiyo iliyoninyima usingizi. Hawakuiti kwa mahojiano, wala hawaulizi umesomea wapi. Kila mwanachama anaisoma katuni yako yote, kuanzia ukurasa wa kwanza kabisa. Wakati wanasoma, wewe unaendelea kutoa kurasa siku yako ile ile, waone kama utadumu au ni nguvu ya soda tu. Mmoja akikataa, umekataliwa. Na aliyekataa hajifichi nyuma ya wenzake. Yeye mwenyewe ndiye anayekupigia simu.

Sasa mimi, niliposikia watasoma kuanzia mwanzo, nilishikwa na aibu. Njoki wa kurasa za kwanza nilimchora kabla sijajua kuchora. Pua imepinda, mikono mikubwa kama makoleo, shingo hana. Wageni wakija mtu hufagia, sivyo? Basi nikafagia. Nilikesha nikizichora upya zile kurasa za mwanzo, nikazipakia na kuzifuta za zamani. Njoki akatoka mrembo, na vidole vyembamba kama mtangazaji wa televisheni. Nilijipongeza sana, nikajinunulia hata soseji.

Wiki iliyopita simu ikalia nikiwa nampimia mteja dawa ya minyoo ya ng'ombe. Nambari nisiyoijua. Nilipokea, nikasikia kwanza mngurumo wa mashine ya kukausha nywele, kisha sauti ya mama mmoja.

"Wangechi? Mimi ni Mama Shiru wa Kiriaini. Mimi ndio nimekukataa."

Mama Shiru ana saluni. Anachora katuni ya wateja wake wakisengenyana chini ya hiyo mashine, na mimi huisoma na kucheka peke yangu kama mwendawazimu. Kukataliwa na mtu ambaye unaipenda kazi yake kunauma vibaya. Mteja aliniangalia usoni akaacha kulalamikia bei.

Aliniuliza Njoki wa kwanza nilimpeleka wapi. Kumbe alikuwa ananisoma tangu zamani, hata kabla sijaomba kuingia. Alipokuja kunisoma upya kama mwanachama, akamkuta msichana mwingine kabisa. Akaniambia kwamba kwao ukurasa ukishatoka haufutwi, kwa sababu msomaji akirudi anataka kukuta alichokiacha. Nilijitetea kwamba zile za mwanzo zilikuwa mbaya. Hakubisha. Alikubali mara moja kwamba zilikuwa mbaya.

"Lakini huyu wako mpya hawezi beba mzigo, mami. Angalia hiyo mikono. Yule wa pua mbaya, huyo nilikuwa naamini amebeba."

Nilishusha simu sikioni nikamfungua Njoki mpya kwenye kioo, na ni kweli. Yule hata jerikeni ya maji ingemshinda.

Mama Shiru hakuwa mkali. Zile za zamani zikirudi, alisema, ataondoa pingamizi lake. Zisiporudi, anasikitika, lakini msimamo wake ni huo.

Nami sikuwa nazo. Nilizichora kwenye simu iliyokufa siku nyingi, na za mtandaoni nilikuwa nimezifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni bila kuwasha jiko. Nililia, tena kwa sauti.

Kaka yangu Githinji ndiye aliyenikuta hapo. Yeye ni mpagazi wa kweli, visa vingi vya Njoki nimemwibia yeye. Nilimweleza yote, nikitarajia anipe pole. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama chai inanywewa kikombeni.

"Ziko kwa simu yangu zote. Ati ulifikiria huko juu tunasoma na nini? Network hakuna."

Kumbe tangu mwanzo alikuwa akihifadhi kila ukurasa ukitoka, ili awasomee wenzake kambini wakisubiri wageni walale. Hajawahi kuniambia. Mimi nilidhani haisomi, nikawa hata nimemkasirikia kimyakimya. Niliomba simu yake nikapitia picha za mbuzi, za theluji, za viatu vilivyochanika, na katikati yake Njoki wangu, pua imepinda, amebeba mzigo mkubwa kumliko. Nilimkumbatia Githinji, naye akauliza chakula kiko wapi.

Nilizirudisha zote usiku huo huo, zikiwa na ubaya wake wote.

Leo mchana ujumbe umefika. Hakuna anayepinga. Nilifunga duka kwa dakika chache, nikakaa juu ya magunia ya chakula cha kuku, nikapumua. Nilikuwa sijui ni kiasi gani nilikuwa nimeogopa.

Dakika chache baadaye ukaja ujumbe mwingine. Kuna mtu wa Kangema ameomba kuingia, katuni yake inahusu wachumaji wa chai, na kwa kuwa sasa mimi ni mwanachama, lazima nami niisome na kusema kama nakubali au napinga. Nimechungulia ukurasa wa kwanza tu. Watu hawana shingo. Majani ya chai yanafanana na samaki. Huyu mtu, popote alipo huko Kangema, najua hali chakula vizuri wiki hii.

Hajafuta kitu. Kesho nitamsoma kuanzia hapo hapo, polepole.