Mlango wa Kushoto

Kibaha, Jumamosi, Agosti 1973

Nimeiona. Injini yenyewe, kwa macho yangu.

Muhula mzima nimelitazama pikapu la Kimarekani la jirani yetu, Mzee Kondo, likipita kwenda Kisarawe, nikiogopa kumwomba aifunue. Leo, tukitoka shule, alitupa lifti, mimi na Shomari wa darasani. Kwa haraka nikasahau hata salamu, nikapanda mlango wa kushoto, wa abiria, kama magari yote ya hapa. Kumbe la Kimarekani usukani uko kushoto; ukawa mbele yangu.

"Haya dereva, tupeleke," akasema mzee.

Shomari alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingine ningeshuka nikatembea kwa miguu. Lakini gia ilikuwa kwenye usukani, kama nilivyosoma, na mdomo ukafunguka.

"Shikamoo mzee. Naomba kuona injini."

"Marahaba. Unaijua?"

"Silinda nane, nne kila upande."

"Zinakunywa petroli kama ngamia," Shomari akadakia. "Bora gari la Kiingereza."

"La Kiingereza utalisukuma kilimani," mzee akamjibu, akafungua boneti.

Nane kweli. Niliinama mpaka kifua kikagusa chuma.

Shati la shule lina doa la oili. Mama anataka kulifua. Nimemwomba aliache mpaka Jumatatu, darasa zima walione.