Kisa Ulichokikatiza Mtoni

Mtani wangu Kondo,

Miaka yangu ni themanini. Karani wa kijiji ameandika sabini na kitu, lakini yeye kazaliwa juzi, atajuaje? Nimemwona Mjerumani akifukuzwa, nimemwona Mwingereza akifunga mizigo yake, nimepitia nzige, ndui na njaa, nimezika wake wawili, na meno ninayo bado ya kutafunia michembe, viazi vikavu vile. Na wewe nimekuzika, Mzaramo uliyekuwa mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Hilo sikulitaka.

Usiucheke mwandiko. Nimejifunza kwenye kisomo cha watu wazima, kalamu naishika kama mpini wa jembe, lakini katika darasa letu hakuna anayenishinda, ila wanawake.

Nakuandikia kwa sababu ninaogopa. Nikimwambia mtu mwingine atalipeleka kilabuni kwenye pombe. Wewe ni mtani, tena umekufa, utanitangaza kwa nani?

Unakumbuka ulivyotukusanya pale Tabora mjini, sisi watunza ghala wa vijiji vya ujamaa, utufundishe jinsi mali inavyosafiri. Ulisema hutaki tukariri. Ulisema utatupa makampuni ya kweli, yaliyopata na yaliyokosa. Asubuhi unasimulia nusu, unaweka chaki mezani, unasema, "Haya. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?" Mwisho tunaupata tukishakula. Kile kiwanda cha sabuni nakikumbuka: mafuta tele, magadi tele, kikasimama kwa kukosa makaratasi ya kufungia. Nikasimama nikasema wauze bila makaratasi, upuuzi gani huo! Ukacheka mpaka ukashika ubao. "Ndivyo walivyofanya, Mnyamwezi, na panya wakala sabuni ghala zima." Hata leo nasema nilikuwa sawa. Wangefuga paka.

Ukasema, "Babu, mzigo hautoki ghalani. Nyuma ya ghala kuna mahali, na nyuma ya hapo kuna pengine." Nikakujibu hayo tunayajua tangu babu zetu wanabeba pembe kuzileta kwenu pwani, nanyi mmekaa kivulini mnakuna nazi. "Ndiyo maana mgongo wako umepinda na wangu umenyooka!" Ah, Kondo. Siku hizi hakuna wa kunitukana vizuri. Wananiheshimu tu, inachosha.

Ile asubuhi ya mwisho ulitupa kampuni moja, hukuitaja jina. Ilikuwa na ghala ng'ambo ya mto, limejaa mazao ya watu. Watu wenyewe wa upande ule chakula kimewaishia. Lori ni moja. Mvua zimeanza, mto unapanda. Kupakia mazao ni kazi ya kutwa. Je, upakie kwanza, au ulikimbize lori tupu likalete chakula? Ukaweka chaki. Ukasema kichwa kinakugonga, twende tukale, utarudi.

Hukurudi. Walikupeleka hospitali na homa, na kisa kikabaki pale pale mtoni.

Siku ya maziko nilitimiza wajibu wangu. Kabla hawajakuteremsha nikashuka mimi kaburini, nikajilaza, nikasema simpishi Mzaramo huyu mpaka aniambie mwisho wa kisa. Wageni wasiojua utani walikasirika, shehe akainamisha uso asicheke. Wakanikomboa kwa kanzu yako, nikatoka. Mkeo aliposimuliwa, alicheka huku analia. Lakini mwisho sikuupata. Mwalimu aliyeshika darasa lako nilimfuata nikamuuliza. Akasema, "Shikamoo mzee, kisa hicho sikijui."

Sasa sikiliza. Kijiji chetu kipya, huku mbele ya Sikonge, tulihimizwa tumbaku kwanza, mahindi baadaye, na jua likayala hayo mahindi. Vihenge vikawa vitupu, ghala limejaa tumbaku. Lori la ushirika likaja mvua ya kwanza inadondoka. Mwenyekiti wa kijiji akasema tupakie. Marobota mengi yalikuwa hayajafungwa. Ingekuwa kutwa nzima.

Kondo, niliiona chaki yako mezani. Nikamwambia dereva wetu, Shabani, "Nenda tupu. Kimbia, lete mahindi." Watu wakanizomea. "Jasho letu unaliacha lioze, babu!" Ufunguo wa ghala uko shingoni mwangu. Nikaukamata, nikakaa chini mlangoni. Mimi nikikaa, nimekaa.

Jana kaja mrina asali, anasukuma baiskeli yenye matope mpaka kwenye tandiko. Kasema lori liko ng'ambo ya mto wetu, mahindi juu yake, turubai limechanika, na daraja halionekani, maji yamepita juu. Yeye na Shabani walipigiana kelele tu kila mtu na ukingo wake. Huku bati la ghala linavuja, na tumbaku imeanza kunuka ukungu. Watoto wanakula uyoga na majani. Mwenyekiti kanitazama mbele ya watu wote: "Babu, umetupotezea vyote viwili."

Alitaka tungoje maji yashuke. Mahindi yaliyolowa yanangoja nani? Nimesema tutayabeba, kichwani, mzigo mdogo mdogo, kama zamani. Nyamizi, mkwe wangu, kawakusanya wanawake wakasokota kamba za magome ya miombo. Mtu atangulie na kamba kiunoni, aifikishe kwa Shabani, wengine wafuate wakiishika. Nani atangulie? Nikajisikia nasema, "Mimi! Nimebeba mizigo ya vita, Mjerumani anakimbia mbele, Mwingereza anafukuza nyuma, nitashindwa na kijito?" Wakashangilia. Nikaenda nyuma ya nyumba nikatapika.

Hayo ya vita ni kweli, na mtoni siku zile sikushindwa. Lakini miguu ilikuwa mingine. Hii ya leo haisikii vizuri chini kuna jiwe au kuna shimo. Leo asubuhi nimekwenda kuyatazama maji. Yalipita na mti mzima, mizizi juu, upesi kuliko mtu anavyokimbia. Nikarudi nikisema hamna kitu pale.

Na kuna kinachoniogopesha zaidi ya mti ule. Visa vyako vyote ulivisimulia unacheka. Kile cha mwisho ulikuwa unatazama dirishani. Nimewaza sana, mtani. Sidhani kama ni kichwa tu kilichokukatiza. Nadhani wewe mwenyewe ulikuwamo katika kampuni ile. Nadhani ulijua nani alivuka na nani hakuvuka, ukashindwa kutuambia. Kama ni hivyo, kwa nini ulitupa? Au ulitaka mtu mwingine akufanyie mwisho mwema? Mzaramo wewe, hata ukifa unanibebesha.

Basi nakuaga. Salamu zangu kwa wake zangu wote wawili, usiwaambie ninachokifanya. Nakuahidi hivi: mahindi yakifika kijijini, nitakuja Tabora makaburini kwenu, nikae pale kichwani pako, nikusimulie yetu mwanzo hadi mwisho, iwe nzuri iwe mbaya. Sitakatiza kwenda kula.

Ukidhani nimetia chumvi, wapo wa kunishuhudia. Yupo Shabani, aliyenipigia kelele leo kutoka ng'ambo kwamba ataingia majini upande wake kuipokea kamba. Yupo mwenyekiti, ambaye hanipendi, kwa hiyo ushahidi wake ni mzuri. Amesema atashika kamba nyuma yangu, nisije nikajisifu kwamba nilikuwa peke yangu. Na yupo Nyamizi. Nilimkataza, nikamkataza tena. Akaniambia, "Baba, kamba nimesokota mimi, nitaishika mimi."

Hao ndio mashahidi wangu, Kondo. Sina wengine. Na kesho asubuhi wote watakuwa mtoni pamoja nami.

Mtani wako,
Mihambo, mtunza ghala