Niliposusia Duka la Zuhura

Jumatano, Kariakoo

Bado naona aibu. Jana kwenye mkutano wa tawi la chama nilinyoosha mkono tususie duka la Zuhura, rafiki yangu, kwa kuwa anaupinga Ujamaa hadharani. Leo jioni kaja mwenyewe na uji wa kumlisha mama yangu, ambaye ni mgonjwa tangu Jumapili.

"Shoga, na wewe ulinyoosha?"

"Nilinyoosha. Naamini Ujamaa."

"Mimi siuamini. Nipe kijiko."

Akamlisha mama huku tukibishana kwa sauti ya chini. Mara balozi wetu wa nyumba kumi, jicho la chama mtaani, akasimama mlangoni, akatazama ndara zisizo zangu.

"Una mgeni?"



"Ninaye. Zuhura."

Akatoa daftari, akaandika, akaenda zake. Naihofia kadi yangu ya chama. Ujamaa nauamini bado. Lakini kumkana Zuhura akiwa ndani kwangu, hapana.