Ujumbe Niliokataa Kumsomea Bibi

Shangazi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Kidonda cha Bibi kinakauka, na paka wake kazaa kwenye kapu la nguo zangu.

Jana ujumbe wako uliingia kwenye simu yake. Nadhani ulisahau kwamba macho yake hayaoni tena, na mimi ndiye ninayemsomea. Uliandika: "Mama, usimtegemee huyo mtoto. Kizazi hiki cha simu hakijui kuuguza mtu, kinajua kujipiga picha tu."

Huyo mtoto ndiye uliyembembeleza aache chuo aje kumwogesha mama yako. Ukaniita mboni ya jicho lako. Mwaka wa pili huu, na wewe wa kizazi kinachojua kuuguza hujakanyaga hapa hata mara moja.

Bibi akauliza, "Mwanangu anasemaje?" Nilitaka kumsomea neno kwa neno, ulimi ukagoma. Nikamwambia umesema unakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi.

Alifurahi mpaka akalia. Kanituma nimpigie pasi gauni lake la bluu.

Basi njoo. Siku hiyo akikaa kitini na gauni lake mpaka jioni, akaniuliza tena unasemaje, nitamsomea ulichoandika.

Ni mimi, wa kizazi cha simu, niliyekuandikia kwa kalamu.