Siku Nilizowabeba Panya

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka sabini na minne. Nimewazika wakurugenzi watatu wa taasisi hii, mke mmoja, na panya wasiohesabika hata kwa kompyuta. Bado nipo. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwenye vibandiko vya vizimba: tarehe, dume au jike, namba. Mkurugenzi wa kwanza ndiye aliyenipa daftari. Kisichoandikwa hakikufanyika, alisema. Hili ni la ishirini na mbili.

Leo nimerudi baada ya wiki mbili za mguu. Ngazi kumi na nane kushuka kwenye chumba cha wanyama, sikushika ukuta. Karibu sikushika.

Huku chini taa ni nyekundu mchana kutwa, panya wadhani ni usiku, wachangamke saa za kazi. Mtu mwingine akiingia wanajibanza. Mimi wananijia.

Hakuna aliyeuliza mguu.

Jumanne, 4 Machi

Wanafunzi wapya sita wameletwa. Kila mwaka ni hivi — mwaka wa kwanza wanazungushwa maabara tatu, wiki kumi kila moja. Kwanza huku chini. Kisha ghorofa ya kwanza, wanakokata ubongo vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu na kuvitazama kwa darubini. Kisha ghorofa ya pili, kwa watu wa kompyuta, ambao panya wanamjua kwa picha. Halafu kila mmoja anatafuta profesa wa kumsimamia. Ni kama kuposa, na wengine wanakataliwa vilevile.

Kushika panya nafundisha mimi. Cheti sina. Lakini hata Profesa, mkuu wetu wa sasa, alijifunzia hapa, na aling'atwa mara mbili. Simtangazi.

Nimewaambia mambo mawili. Mkia si mpini. Na ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, kosa lisomeke. Karatasi ya daftari la kazi haichanwi hata ikikuaibisha.

Mmoja wa ghorofa ya pili kanikuta mlangoni. Mzee, bado tu hujastaafu? Nikamwambia nasubiri wewe ufaulu, kwa hiyo nina miaka mingi. Wenzake wakacheka. Wakapanda zao.

Alhamisi, 6 Machi

Miwani ameshuka. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mjukuu kwangu kwa umri. Jina analo, ila mimi namwita Miwani na anaitika. Kakaa juu ya gunia la maranda.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona macho mekundu?"

"Ni hii taa."

"Taa hii naijua kabla hujazaliwa. Sema."

Kasema. Kazi yake ni kumbukumbu. Panya anatiwa kwenye beseni la maji, kubwa kama kitanda cha watu wawili. Ndani kuna kigoda kilichozama kidogo, hakionekani. Panya anaogelea mpaka akipate. Kesho yake anarudishwa, waone kama anakumbuka kilipo. Panya wa Miwani walikuwa wanakumbuka vizuri mno, karibu wiki tisa zote. Halafu hizi wiki mbili, wote wakasahau. Wanazunguka tu.

Sasa Profesa anahisi zile namba nzuri zilipikwa. Alhamisi ijayo Miwani atasimama mbele ya taasisi nzima, kama kila mwanafunzi anavyosimamishwa kwa zamu. Asipoeleza ikaeleweka, anatolewa masomoni.

"Wamenikosa mimi tu hao," nikasema. Nilikuwa najisifu.

Hakucheka. Kavua miwani.

Ni kweli nilikuwa nambebea. Mlangoni pameandikwa kila mwanafunzi abebe mnyama wake mwenyewe. Lakini anawaogopa, alikuwa anawaning'iniza kwa mkia mpaka juu kwenye beseni. Nikamwambia lete. Nikawa nawatia kifuani ndani ya koti, mmoja mmoja, ngazi kumi na nane, yeye pembeni anapiga stori. Nilipougua akarudia mikia.

"Walikuwa wanafika wanatetemeka, babu. Anayetetemeka hakumbuki kitu."

Kisha akasema Januari pia kuna siku nilikosa. Anadhani ndizo zile siku chache za Januari walizosahau. Angezijua tarehe, angeziweka kando ya namba zake, na Profesa angejionea mwenyewe. Lakini hakuandika nani kabeba. Angeandikaje, na ni kosa?

Nikasema pole. Nikaendelea kufagia.

Ijumaa, 7 Machi

Tarehe zote ninazo. Ziko humu.

Sikumwambia.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu kapiga simu. Kauliza mguu. Nikasema nakimbia kama swala. Kasema haya mzee, tutaongea. Dakika mbili, labda na nusu.

Nimesoma nyuma. Jumatatu, 13 Januari: "Nimebeba kumi na wawili. Miwani kacheka ngazi zote." Sawa, hiyo inasomeka mbele ya watu. Chini yake, Jumapili, 19 Januari: "Sijasema neno tangu juzi. Nimejaribu sauti, ipo." Nyuma ya karatasi hiyohiyo, Ijumaa, 24 Januari: "Zahanati, mguu. Sikubeba."

Karatasi zote ziko hivyo. Mbele na nyuma, panya na mimi tumechanganyika. Kuna mahali nimeandika nilipanga viatu vya marehemu mama watoto mlangoni ili nikirudi nivikute. Nani asome hayo? Mtu wa ghorofa ya pili?

Jumatatu, 10 Machi

Mama wa ofisini kashuka na karatasi. Mkataba wangu ni wa mwaka mwaka na unaisha mwezi huu. Kasema kwa upole, mzee wangu, Profesa atasaini tu, ila mwezi huu usijitafutie maneno.

Maneno ninayo daftari zima.

Miwani hakushuka. Nimebadilisha maranda vizimba arobaini. Panya namba saba kapanda mkononi, akanitazama. Nikamwambia usianze na wewe.

Jumatano, 12 Machi

Nilitaka kuchana. Nibakize za panya, zangu nizitoe. Mkasi nimeushika. Haiwezekani, ukitoa tarehe 19 inaondoka na tarehe 24. Kunakili upya? Watasema mzee naye kapika.

Na nimewafundisha watu miaka arobaini na mmoja kwamba karatasi haichanwi.

Kuna jambo sijaliandika, naliandika sasa. Sikumbebea kwa huruma tu. Kuanzia chumba changu mpaka kwenye beseni ni dakika nne, na panya ni kumi na wawili. Hizo ndizo dakika nilizokuwa nasemeshwa. Angejifunza kubeba mwenyewe asingeniita. Mimi, fundi wa kushika, sikumfundisha.

Nimepiga mstari juu ya lile neno "tu". Linasomeka.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepanda ghorofa ya kwanza. Nimevaa koti la kazi, limefuliwa. Nipo kwenye benchi nje ya ukumbi, naandikia gotini. Mlango haujafungwa vizuri. Miwani anazungumza. Profesa kamuuliza, una kitu chochote kilichoandikwa?

Mama wa ofisini kapita na birika la chai. Mzee, umepotea njia? Nikasema hapana, leo nimeijua. Katazama daftari, katazama mlango, kaenda polepole.

Profesa kauliza tena.

Nikisimama, mguu huu utachukua muda. Basi naandika hili kwanza, wakilifungua walikute. Yaliyomo humu ni kweli. Siku nilizoingia, mlinzi wa getini atawaambia, maana kila asubuhi nimetia dole gumba kwenye kitabu chake. Siku nilizokosa, muuguzi wa zahanati anazo. Kwamba niliwabeba, Miwani anajua, na panya namba saba, mleteni hapa muone anamwendea nani.

Zile siku nyingine, nilizokuwa peke yangu, hazina shahidi. Zingekuwa naye, nisingeziandika.